Mistari Sita ya Barabarani

…na mpiko nao umechagua bega la kushoto, lile lile linalomuuma akilima zaidi ya saa moja, lakini huu si wakati wa kubadilisha bega, ukibadilisha bega mizani itayumba, mizani ikiyumba mshale utaanza safari yake upya, na Bibi Shamba atasema tena kwa sauti yake ya mafunzo, tulieni kidogo wazee wangu, kana kwamba wao ndio wanaoitingisha dunia, basi, ametulia, yeye ni nguzo, yeye ni kigingi, anayetingisha ni Karani kule mwisho wa pili wa mpiko, mwenye shamba, mstaafu wa ofisi ya ardhi, mtu ambaye kwa miaka thelathini hakunyanyua kitu kizito kuliko muhuri, na leo kaja kushuhudia upimaji na koti lake na viatu vya ofisini, Bibi Shamba akasema hapa hakuna mti wa kutundikia mizani, tupate watu wawili wa kushika mpiko, na kabla sentensi haijatua Karani alikwisha kujitolea, nitashika mimi, kwa mujibu wa umiliki, akacheka peke yake kwa mzaha wake, na sasa wako hapa, mpangaji na mwenye mali, hatua tatu kati yao, kama wachukuzi wa jeneza fupi, na katikati inaning'inia mizani, na chini ya mizani gunia la mahindi, na gunia, Mungu wangu, gunia ni zito, lina uzito wa kumchongea mtu, na ndiyo maana amekuwa akiivuta pete ya mizani upande wake, kidogo kidogo, kwa kisingizio cha kurekebisha bega, nusu shibiri, kisha nusu nyingine, ili mzigo umlalie yeye na Karani abaki na ncha ya mpiko isiyo na habari, maana Karani miwani kaiacha kwenye pikipiki na namba za mizani hazioni, lakini bega halihitaji miwani, bega linasoma lenyewe… ujinga mtupu, namba itatajwa kwa sauti, itaandikwa, itapelekwa kwa wataalamu, pete isogee isisogee, lakini mfa maji haachi kutapatapa, na yeye ameanza kufa maji tangu asubuhi.

Unaona, baba, anasema Bibi Shamba, upepo ndio unaotuchelewesha, tuendelee na maswali wakati mshale unatafuta pa kukaa, mbegu mlitumia gani, naye anasikia mdomo wake ukijibu mbegu ya dukani, mfuko wa kijani, na kichwa chake kiko kwingine, kiko kwenye neno alilolisema Karani juzi akiwa juu ya pikipiki bila kuzima injini, mkwe wangu karudi, mume wa binti yangu, anatafuta pa kulima, lakini nikitazama shamba hili, Karani akatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari, limechoka, siwezi kumpa mkwe kitu kilichochoka, ataniona bahili, tutaona baada ya kupima, likiwa limechoka endelea nalo wewe, likiwa zima, basi utanielewa, damu ni damu, na yeye akaitikia, limechoka kweli, mzee, tunalisukuma tu, akaitikia kwa uso wa msibani, uso ambao ameufanyia mazoezi misimu sita, kwa sababu shamba halijachoka, hilo ndilo jambo, shamba hili halijawahi kuwa na nguvu kama hizi tangu dunia iumbwe, kilichochoka ni mistari sita ya barabarani. Mistari sita tu. Watu wengine hupaka chokaa ukuta wa mbele na kuacha wa nyuma ukimomonyoka, yeye kafanya kinyume, kaipaka mbele masizi, mistari sita inayopakana na barabara hajaitia kitu tangu msimu wa kwanza, wala samadi wala mbolea ya dukani, palizi anapitisha mara moja tu na tena kwa uvivu wa makusudi, mahindi yake ya njano, mafupi, yamesimama kama wanafunzi waliofeli, kila mpita njia anayaona na kusema maskini, hata Karani huyapitia kila wiki na kuyasikitikia na kodi kuiacha palepale ilipo, na nyuma ya hiyo mistari sita, ukipenya, ukijikunja chini ya majani… mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema, yeye kaficha na kazaa, tena kazaa katikati kabisa, mabua mazito kama mkono wa mtu, kila bua na watoto wawili, mengine watatu, kijani cheusi, mtu unaweza kusimama humo saa sita ya mchana ukajiona uko chumbani.

Na angeweza kuokoka, hilo ndilo linalouma, alijaribu kumwongoza Bibi Shamba taratibu kwenye ukingo, pimia hapa mwanangu, hapa pana mwanga, utaona vizuri, viatu vyako havitachafuka, na yule mtoto wa watu akatabasamu, akafungua karatasi yenye namba zilizopangwa bila mpango wowote, akasema, hapana baba, mahali pa kupimia hatuchagui mimi wala wewe, zinachagua namba, ndiyo maana ya utafiti, na namba zikasema hatua kumi na saba ndani, hatua ishirini na tatu kushoto, akawa anahesabu kwa sauti, na yeye anamfuata nyuma na vigingi vinne mkononi kama mtu anayepelekwa kuonyesha alikomzika marehemu, na hatua ya ishirini na tatu ikatua wapi, ikatua pale, pale pale, kwenye kitovu, kama vile namba zimeambiwa na mtu. Wakafunga kamba, mke, aliyekuja nao kutoka nyumbani, akishika ncha ya pili, mita tano kwa mita tano, wakavunja mahindi yote yaliyokuwa ndani ya kamba, na Bibi Shamba aliitazama mikono ya mpangaji kila ilipotupa hindi nono guniani, na Karani alikuwa bado barabarani akitafuta pa kupitia bila kuchafua viatu, hakuona, gunia lilitolewa kumfuata huku ukingoni limekwisha kufungwa mdomo, alichoona ni gunia tu, na gunia kwa mtu wa ofisi ni gunia.

Umiliki, anasema Bibi Shamba, hilo tulishajaza, la kukodi, mkataba wa mdomo, msimu kwa msimu, sivyo? sivyo, anajibu Karani kwa furaha, ndivyo, yaani, na Bibi Shamba anaweka alama kwenye kisanduku, vile visanduku, asubuhi aliviona kwa karibu wakati wa kupima kule nyumbani, kimoja kimeandikwa la mwenyewe, cha pili la kukodi, cha tatu nyingine, eleza, na mbele ya eleza kuna mstari mfupi ambao hata jina la mbuzi halienei, na alitamani kucheka, kwa sababu maisha yake yote ya utu uzima yako kwenye ule mstari, eleza. Aeleze nini. Aeleze kwamba Bibi Shamba, katika ile hotuba yake ya utangulizi, aliposema wataalamu wanataka kujua kwa nini shamba la mwenyewe huzaa kuliko shamba la kukodi, yeye angewapunguzia wataalamu safari, jibu si la kutafutia mizani, mbolea ya dukani inaliwa msimu huu huu, unaitia leo unaivuna kesho, lakini samadi ina subira, samadi inakulipa msimu wa pili, wa tatu, na mtu wa kukodi hana habari na msimu wa tatu, nani atamnunulia majani ng'ombe atakayechukuliwa Ijumaa, kwa hiyo mpangaji halishi udongo, anaukamua, mwenyewe ndiye anayelisha, hiyo ndiyo hesabu ya watu wenye akili timamu, ijazeni, pigeni muhuri, twende tukale… ila hesabu hiyo ikija kwake inakutana na mtu aliyefanya kinyume, aliyechukua samadi ya shamba lenye hati akaimwaga kwenye shamba lisilo na hata karatasi, misimu sita, siku za soko, mke akishaondoka na kikapu cha mboga yeye anatoa toroli, zizi hadi hapa ni mwendo wa robo saa, toroli ya kwanza, ya pili, ya tatu, anarudi, anaoga, anakaa kizingitini na uso wa mtu aliyelala mchana kutwa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, lakini wahenga hawakusema mbacha ukiwa wa mkeo ufanyeje.

Kwa sababu shamba la nyumbani ni la mke, hilo halina siri, mke aliachiwa na baba yake, jina lake ndilo liko kwenye hati, ng'ombe wake, zizi lake, na yeye alikuja pale na begi moja na jembe lenye mpini mpya, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, basi yeye alipewa jembe siku ya tatu na huu ni mwaka wa kumi na tisa hajaambiwa ugeni umekwisha, mashemeji wakija wanamsalimia vizuri, habari ya mpangaji wetu, wanasema, kisha wanacheka, na yeye anacheka, ni utani, shemeji kazi yake utani, umekula lakini mpangaji wetu, umelala lakini, utani wa miaka kumi na tisa ni mrefu kidogo. Mke hajawahi, lazima haki isemwe, hajawahi hata siku moja, asubuhi ya leo Bibi Shamba kauliza shamba ni la nani na mke akajibu letu, kwa haraka, kama mtu anayefukuza nzi, Bibi Shamba akauliza jina kwenye hati, akasema langu, kwa sauti ya chini zaidi, na yeye alikuwa pembeni anafungua kamba iliyokwisha kufunguka. Na huku, huku amepatafuta mwenyewe, amesimama mwenyewe mbele ya Karani akasema naomba, akapewa kwa jina lake, hili ni shamba la fulani, watu wanasema, wakimaanisha yeye, hawasemi la Karani, wanasema la yule bwana wa mistari mibovu, mibovu hivyo hivyo lakini yake, na alipoonja udongo wake, ndiyo, aliuonja, mara ya kwanza, alipiga magoti akatia kidogo kwenye ulimi kama mwendawazimu, alijua unachokosa ni samadi tu, na kwamba angeupa, siku ya soko iliyofuata aliupa toroli moja tu, ya majaribio, mtu haibi toroli moja…

Kilo nane. Asubuhi, kule nyumbani, mraba ule ule, kamba ile ile, kilo nane, mizani ilitundikwa kwenye boriti ya zizi na haikusumbuka, mshale ulikwenda moja kwa moja ukakaa, maana hakukuwa na cha kuyumbisha, na mahindi yenyewe yalikuwa kama vidole, meno yamekosekana huku na huku, na Bibi Shamba akasema kwa upole, mama, hapa udongo unalia, na mke akaliangalia gunia, akafuta mikono kwenye kanga, akasema udongo wa kwetu umezeeka mwanangu, umezeeka kama mimi, akacheka, na kicheko kile kimemfuata yeye njia nzima mpaka hapa, kimekaa shingoni, kwa sababu haujazeeka, umenyang'anywa, na aliyeunyang'anya alikuwa amesimama pale pale anashikilia kigingi. Na kaka za mke walishasema, mwaka jana, shamba la baba linafia mikononi mwa mgeni, walisema wakidhani yeye yuko nje, na alikuwa nje kweli, ila dirisha lilikuwa wazi, akamsikia mke akijibu, mwacheni, anafanya kazi kuliko nyinyi wote, alijibu kwa ukali, na yeye badala ya kuona haya alijisikia ahueni, ahueni ya mwizi anayeona polisi wanakwenda upande mwingine.

Haya, tunakaribia, anasema Bibi Shamba, naona kama ishirini na mbili, hapana, imeruka tena, na Karani anauliza ishirini na mbili nini, na Bibi Shamba anasema bado mzee, sisomi mpaka itulie, swali la ishirini na saba, na anageuza karatasi, na upepo unaishika karatasi, na anaikamata kwa kidevu, mambo ya serikali yote yanataka kidevu, swali la ishirini na saba, je, katika misimu sita iliyopita, mliweka samadi katika shamba hili, ndiyo au hapana, kama ndiyo, toroli ngapi, na ilitoka wapi. Anasikia majani ya mahindi yakisuguana nyuma yake, anayasikia kama watu wanaosogea wasikilize. Karani ndiye anayejibu.

"Andika hapana, mwanangu. Nani mwenye akili anatia samadi kwenye shamba la mtu?"

Na hiyo ni rehema, ni mlango uliofunguliwa na adui mwenyewe, pita, si kazi yako kumsahihisha mzee mbele ya ofisi, hapana itaandikwa, na namba ya mizani wataalamu wataifumbua wenyewe, watasema ni bonde, ni mvua, ni mbegu ya mfuko wa kijani, wataalamu hawakosi sababu, na mke hatajua, ingawa mkwe atakuja hata hivyo, ishirini na ngapi sijui ni ishirini na ngapi, shamba limekwenda hilo, limekwenda tangu hatua ya ishirini na tatu, lakini siri itabaki, angalau siri, fumba mdomo, vuta pumzi, tazama mbele, na Bibi Shamba kainua kalamu lakini haiandiki, anamtazama yeye, si Karani, ameiona ile mikono, ameuona ule udongo mweusi, nasubiri jibu la mkulima, mzee, anamwambia Karani kwa adabu, fomu inasema mkulima, na hapo ndipo inapokuja sauti ya mke, kutoka hatua mbili, amesimama na kamba aliyoikunja vizuri kwenye kiwiko, hajasema kitu tangu wafike.

"Mpe nafasi, Bibi Shamba. Hilo si swali la kujibu na mzigo begani."

Hilo si swali la… kwa nini si swali, ni swali jepesi kuliko yote, ndiyo au hapana, mtu asiyejua kitu angesema jibu basi twende, jua kali, mtu asiyejua kitu hasemi mpe nafasi, na bega linasahau kuuma, kwa sababu sasa vinakuja, vinakuja vyenyewe bila kuitwa, koleo, kila asubuhi ya soko lile koleo lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma ya zizi, na samadi kavu imetengwa na mbichi, imelundikwa karibu na mlango, tayari kwa kupakia, na yeye alidhani ni usafi wa mke, mwanamke msafi, alijisemea, alimsifu moyoni kwa usafi huku anapakia. Na gurudumu la toroli, lilikuwa linalia kama mtoto mchanga, siku moja likanyamaza, nimelitia mafuta, mke alisema, linasumbua majirani, na yeye akasema ahsante, akaona ni bahati. Na shemeji mkubwa alipouliza samadi ya ng'ombe watatu inakwenda wapi mbona shamba la njano, mke akasema naiuza, akasema bila kupepesa jicho, na yeye akamshukuru Mungu kwa kupewa mke anayejua kudanganya, hakujiuliza hata mara moja alikuwa anamdanganyia nani. Na njia ya sokoni, ewe mpumbavu wa wapumbavu, njia ya sokoni inapita wapi, inapita hapa, mbele ya mistari sita, kwenda na kurudi, na alama ya gurudumu moja inatoka barabarani inazama katikati ya mahindi, hata kipofu angeikanyaga, mke aliwahi kusema, amekaa anavua viatu, leo barabara nzima inanuka zizi, akasema hivyo, kisha akaomba maji ya kunywa. Misimu sita. Alikuwa akijua misimu yote sita na akaacha mahindi yake yawe vidole.

Na kwa nini hakusema, angesema tu, chukua, baba watoto, chukua unachotaka, na hapo anaiona, anaiona kama mtu anavyouona mwamba jembe likishagonga, angesema chukua ingekuwa anatoa kilicho chake, angekuwa mwenye mali anamruhusu mpangaji, na yeye angekataa, angeacha toroli palepale, angerudi kizingitini kukaa na utani wa mashemeji, mke alimjua, basi alimwachia aibe, alimwekea koleo aibe vizuri, na leo asubuhi kabeba kilo nane zile kwa mikono yake akasema umezeeka kama mimi ili mtu mwingine asiulizwe. Hiyo haiandikiki kwenye nyingine, eleza. Hiyo hata akipewa daftari zima… na kinachomlemea si haya peke yake, haya anaijua, amekaa nayo miaka, ni kitu kingine kisicho na jina na kizito kuliko gunia, amekuwa akijiona mgeni kwenye nyumba ambayo mwenyeji alikuwa anatembea kwa vidole asimwamshe.

Mshale unakwenda na kurudi, ishirini na mbili, ishirini na sita, Karani anakohoa, anasema jamani bega, hivi gunia hili mmeweka mawe, na Bibi Shamba anasema tulieni kidogo wazee wangu, na kalamu iko juu, na yeye hamtazami Karani, Karani na mkwe wake watafanya watakalofanya, shamba litakwenda na samadi yake yote ndani, misimu mitatu mbele litamlisha mkwe ambaye hatajua anakula nini, liende, linauma lakini liende, atasema ndiyo, mdomo umekwisha kukauka kwa ajili ya hiyo ndiyo, ilitoka wapi, ilitoka nyumbani, hilo nalo anaweza, toroli ngapi, hapo anakwama, hajui, hakuwahi kuhesabu, mwizi hahesabu, anachota tu, lakini yuko mtu anayejua, amesimama hatua mbili kutoka hapa na hamtazami, anatazama mahindi, hiyo idadi anayo, anayo toroli kwa toroli tangu ya kwanza, na maneno yako kwenye ulimi tayari, anavuta pumzi chini ya mpiko, muulize mke wangu, Bibi Shamba, ndiye aliyekuwa akihesabu…